Jua la Ngumi Halizami Baharini

Picha za jioni ndizo nyingi kuliko zote katika kikundi chetu, na ndizo tunazozikosoa kidogo kuliko zote. Mtu akileta picha ya harusi, tutamwambia bwana harusi amekatwa kichwa. Akileta picha ya mbuzi, hakosi mmoja wa kusema mbuzi huyo ni mgonjwa, na kweli ni mgonjwa. Lakini mtu akileta jua linatua, mambo yamekwisha. "Mashallah." "Hapo umeweza." "Nirushie na mimi." Simu inapita kwa mkono wa pili, na hakuna aliyeuliza ulisimama wapi, uliangalia upande gani, au yule kwenye kona ni nani.

Kwa wasiotujua: sisi ni wakazi wa Kakuma tunaopenda kupiga picha kwa simu. Hatuna mradi, hatuna mfadhili, na kamera ya kweli kati yetu ni moja tu, tena kioo chake kina mchubuko. Tuko Wabajuni, Wakongo wa Uvira na Fizi, Warundi, watu wa Sudan Kusini na Wasomali wa Kismayo. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha, ingawa kila mmoja anakivuta kwa upande wake. Tunakutana Ijumaa baada ya alasiri, tunakaa kwenye mkeka, tunapitisha simu mkono kwa mkono, na kila mtu anasema lake. Hapo tunajifunza. Nimejifunza mengi kwa watu hawa, na ndiyo maana ninaona tunapaswa kuambiana ukweli hata mbele ya jua linalotua.

Nitazungumzia picha tatu. Wenyewe wamenipa ruhusa, na wameomba nisiwataje majina.

Picha ya kwanza

Hii ndiyo iliyoleta kelele. Kijana wetu mmoja, Mbajuni aliyezaliwa hapa hapa kambini, alikuja na picha nzuri kwa macho: bahari tupu, hakuna kisiwa wala mti, jua jekundu limegusa maji, na njia ya dhahabu inakuja mpaka kwa anayetazama. Juu yake ameandika kwa herufi nyeupe: "Magharibi Ngumi". Alisema ameipata kwa jamaa, akaipendezesha kidogo, akaongeza wekundu. Watu walisifu sana. Dada mmoja alitokwa na machozi.

Mimi nilimuuliza: aliyepiga picha hii alikuwa amesimama wapi?

Tazama ramani, au kama huna ramani msikilize mtu mzima wa kwetu. Ngumi ni kimoja katika ule mstari wa visiwa unaoshuka kutoka Kismayo kuelekea Raas Kaambooni, mpakani na Kenya. Kaskazini yake ipo Koyama, kusini yake Chovai, halafu Chula. (Ramani nyingine zinaandika Tovai na Tula. Ni kule kule. Mahali ambapo wa kusini wanasema t, Mbajuni husema ch: mtu kwetu ni mchu, watu ni wachu.) Mashariki ya visiwa hivyo kuna mwamba na bahari kuu, yaani Bahari ya Hindi yote mpaka huko mbele ya macho. Magharibi kuna mkono mwembamba wa bahari, na ng'ambo yake bara. Sasa jua linatoka mashariki na kutua magharibi, hilo halina ubishi. Basi Ngumi jua linachomoza baharini na kutua bara. Ukiwa umesimama kisiwani magharibi inapoingia, bahari kuu iko mgongoni mwako.

Kijana akasema, labda kuna majira jua linageuka. Swali zuri, na linajibika. Ngumi iko chini kidogo ya ikweta, haifiki hata nyuzi 1 kusini. Hapo mwezi wa sita, wakati wa kusi, jua linatua kaskazini kidogo ya magharibi kamili, nyuzi zipatazo 23. Mwezi wa kumi na mbili, kaskazi ikiwa imeanza, linatua kusini kidogo kwa kiasi hicho hicho. Pwani yetu imelala kwa mshazari, kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi, na mshazari huo hauachi nafasi kwa jua kufika upande wa bahari kuu wakati wa kutua. Hakuna mwezi hata mmoja katika mwaka ambao jua la Ngumi linazama katika bahari tupu. Picha ile ikiwa ni ya Ngumi kweli, basi ni ya asubuhi. Ikiwa ni ya jioni, basi ni ya pwani nyingine, pengine ya nchi nyingine kabisa.

Mimi nilitoka Ngumi nikiwa wa kubebwa mgongoni. Mengi ninayoyajua nimeyapata kwa ami yangu, ambaye alivua kule mpaka vita vilipowakimbiza watu mwaka 1991. Nilipomwonyesha picha hakuhesabu nyuzi. Alisema tu: "Kwani huyu mwezi wa Ramadhani alikuwa anautafuta wapi?" Na hiyo ndiyo hoja bora kuliko hesabu yangu yote. Mwezi mwandamo unaonekana magharibi, juu kidogo ya pale jua lilipotua, kwa dakika chache tu. Watu wa visiwani wanapoutafuta wanasimama ufuoni wakielekea bara, macho juu ya mikoko ya ng'ambo. Hakuna mzee wa Ngumi aliyewahi kuusubiri mwezi utoke kwenye bahari kuu. Watoto pia wanalijua hilo. Au tuseme, watoto waliokulia kule wanalijua.

Kijana hakukasirika, lakini alisema neno ambalo limenikaa: "Picha ni hisia, kaka. Si kitambulisho."

Natamani iwe hivyo. Lakini sisi si watu ambao picha kwao ni hisia peke yake. Mbajuni akifika nchi ya watu na kuomba hifadhi anaulizwa: umetoka kisiwa gani, ukisimama mlangoni kwenu unaona nini, ng'ambo kuna nini, kwenda Koyama unashika njia gani. Ulimi wake nao unapimwa. Mwaka 2010 baraza la juu la kesi za uhamiaji nchini Uingereza lilitoa uamuzi katika shauri linaloitwa RB, la mtu aliyesema ni Mbajuni wa Somalia, na sehemu kubwa ya shauri hilo ilikuwa juu ya uchambuzi wa namna anavyozungumza. Sisi tumekaa Mombasa, tumekaa Kakuma, watoto wetu wanaongea Kiswahili cha shule ya Kenya. Herufi ch imeshaanza kuwatoka. Wakichukua na jua lao kutoka kwenye picha isiyo yao, watabaki na nini cha kusema wakiulizwa?

Siandiki ili kumfundisha mtu majibu ya mahojiano. Nasema kitu kidogo zaidi ya hicho. Yule kijana anaipenda Ngumi, na njia pekee aliyonayo ya kuiona ni kioo cha simu. Mtu wa namna hiyo anadaiwa picha ya kweli kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyemtumia picha ile na kuiita Ngumi amemnyang'anya kitu, hata kama nia ilikuwa njema.

Na hili si la Wabajuni tu. Siku ile ile ndugu yetu wa Uvira na ndugu yetu wa Bujumbura wakaingia kwenye mjadala, wakatufundisha wote. Ziwa ni moja, Tanganyika. Lakini Uvira iko ukingo wa magharibi, milima iko mgongoni mwa mji, kwa hiyo jua linatoka upande wa ziwa na kupotea nyuma ya milima mapema. Bujumbura iko ng'ambo, na jioni yao jua linashuka nyuma ya milima hiyo hiyo ya Kongo, maji yakiwa mbele. Mmoja ana ziwa la asubuhi, mwingine ana ziwa la jioni. Mwenye Uvira akasema, "Kumbe ile picha ya ukutani kwa shemeji yangu si ya kwetu." Tulicheka, lakini yeye hakucheka sana.

Picha ya pili

Picha hii ilipita kwenye mkeka bila mtu kusema neno. Mmoja alidhani imepigwa kwa bahati mbaya. Mimi naona ndiyo bora kati ya zote tulizoonyeshana mwaka huu, na nitajaribu kusema kwa nini.

Ililetwa na binamu wa mwenzetu mmoja, mvuvi anayetoka Kismayo kwenda kuvua visiwani na wakati mwingine kulala huko. Amepiga akiwa ndani ya mashua, upande wa ndani wa Ngumi, akielekeza simu bara. Jua halipo. Limeshatua. Mbingu ni ya kijivu yenye wekundu hafifu chini kabisa, kama makaa yaliyofunikwa jivu. Bara ni ukanda mwembamba mweusi. Karibu, mtu ameinama ana kamba ya nanga mkononi, uso wake unaonekana nusu. Miguuni mwake kuna dumu la mafuta, wavu, na taa. Mstari wa maji umeinama kushoto. Picha imejaa chengachenga, kama mchele uliomwagwa.

Kasoro zipo na nitazitaja, maana kusifia tu ndiko ninakokulaumu. Simu yake ni ya bei ndogo, na giza likiingia simu za namna hiyo hulazimisha mwanga, ndipo chengachenga zinapotokea. Angeweza kuegemeza mkono kwenye ubavu wa mashua ili usitikisike. Taa imekatwa nusu na ukingo wa picha, na taa ile ni muhimu, ilistahili kuonekana nzima. Kuinama kwa maji simlaumu. Mashua ilikuwa inayumba, na ukiinyoosha kwa programu utakuwa umemtoa mtu baharini na kumweka sebuleni.

Sasa uzuri wake. Kwanza ni muda. Karibu na ikweta jua linashuka wima. Tangu ligusane na ardhi mpaka lipotee ni kama dakika 2 tu, tofauti na Ulaya ya kaskazini ambako linashuka kwa mshazari na kuchukua muda wake. Watu wote wanapiga dakika hizo 2. Baada ya hapo wanaweka simu mfukoni. Lakini kwetu kuna dakika 20 na kitu nyingine za utusitusi, na ndizo ambazo kazi inafanyika: mashua inasukumwa, taa inawashwa, mtu anatawadha, mama anaita watoto. Binamu yule hakuweka simu mfukoni. Alipiga picha jua likiwa limeondoka, na ndiyo maana tunaona vitu.

La pili ni kubwa zaidi, na ndilo ninalotaka tulizungumze kwenye mkeka. Picha zetu nyingi za jioni ni picha za kuaga. Zinaandikwa "mwisho wa siku", "kwaheri", "hatutarudi tena". Rangi nyekundu, maji matupu, moyo unauma. Nauliza, jioni kuwa mwisho tumelitoa wapi? Kwa hesabu ya Kiislamu siku mpya inaanza magharibi. Mzee wa pwani akikwambia usiku wa Ijumaa ana maana ya ule usiku ambao wengine wanauita wa Alhamisi. Hata saa ya Kiswahili, anayoitumia Mkristo na Mwislamu sawasawa, inaanza kuhesabu usiku jua likishatua: saa moja ni saa ya kwanza. Jioni inaisha saa 12, halafu tunaanza moja. Sisi tuna lugha inayosema wazi kwamba jua likitua kuna kitu kinaanza.

Na mvuvi anajua hivyo kwa mwili wake. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ndio usiku wa kuvua kwa taa. Watu wanashuka baharini magharibi ikiingia. Yule aliyeinama na kamba hakuwa anaaga kitu. Alikuwa anaanza kazi. Ile taa iliyokatwa nusu ndiyo habari yenyewe.

Nilipoyasema haya, mama mmoja aliyekaa nasi alinijibu vizuri, na namweka hapa kwa sababu sidhani nimemshinda. Alisema: "Mwanangu, wewe unataka kila picha ifanye kazi. Mimi nimechoka siku nzima na foleni. Nataka kitu kizuri cha kutazama kabla sijalala. Jua jekundu limenikosea nini?" Halijamkosea. Uzuri ni haki ya mtu, tena mtu aliyechoka anauhitaji kuliko aliyeshiba. Lakini namuuliza kwa heshima: kati ya jua lisilo na mahali na jua lililotua juu ya mikoko ya ng'ambo ya Ngumi, lipi litampumzisha zaidi? La kwanza linapatikana kwenye kalenda yoyote dukani. La pili ni la mtu fulani, na ukilitazama unajua kuna aliyekuwepo.

Picha ya tatu

Hii haitoki Ngumi. Inatoka hapa, na ndugu zetu wa mashirika wataitambua kwa sababu wanayo yao ya namna hiyo.

Wanawake watatu wanatembea juu ya ukingo wa laga, mitungi kichwani. Jua kubwa liko nyuma yao, kwa hiyo wao ni vivuli vyeusi tupu. Mti wa mathenge upande wa kulia, vumbi linang'aa. Kwa ufundi haina mbaya. Mpiga picha ni mwenzetu wa Sudan Kusini, ana jicho, na ameweka nafasi sawasawa kati ya mtu na mtu. Alishangiliwa, na akaambiwa hii inafaa kwenye ripoti.

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi: inafaa kwenye ripoti kwa sababu gani? Inafaa kwa kuwa wale wanawake wanaweza kuwa mtu yeyote. Ni Kakuma, ni Dadaab, ni Chad, ni jangwa lolote. Mpiga picha anawajua kwa majina, mmoja ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, lakini picha haimjui.

Najua utetezi, na ni wa kweli. Kivuli kinamficha mtu. Kuna watu hapa ambao uso wao ukionekana mahali fulani, kuna mtu atawafuata. Mfanyakazi anayepiga picha bila kuonyesha sura mara nyingi anafanya hivyo kwa kujali, na kanuni ya ruhusa ni kanuni nzuri. Mimi siombi nyuso zote zionekane. Ninachosema ni kwamba kumficha mtu anayehitaji kufichwa ni jambo moja, na kumgeuza mtu kuwa pambo la jua ni jambo lingine. Kwenye picha yanafanana. Tofauti iko katika swali: uliwauliza? Huyu mwenzetu alikuwa hajawauliza. Alipowauliza baadaye, wawili walisema wangependa waonekane sura.

Wala mwanga wa chini haulazimishi kivuli. Mohamed Amin, mpiga picha aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia kwa filamu aliyoipiga Korem Oktoba 1984, akiwa na mwandishi Michael Buerk wa BBC. Ilikuwa alfajiri, jua likiwa chini kabisa, na bado nyuso za watu zinaonekana. Ugomvi huu una wakubwa wake pia. Mbrazili Sebastião Salgado alizunguka nchi nyingi akipiga picha wakimbizi na wahamaji, akatoa kazi yake kubwa mwaka 2000, na picha zile ni nzuri mno. Miaka 3 baadaye Mmarekani Susan Sontag aliandika kwamba kasoro moja kubwa ni kuwa watu walio ndani yake hawatajwi majina. Sina nafasi ya kuamua kati yao. Lakini sisi wa mkekani hatuna kisingizio cha Salgado. Yeye alikuwa mgeni anayepita. Sisi majina tunayajua.

Ufundi wa kuepuka kivuli ni rahisi sana hata unachekesha: geuka. Jua likiwa linatua, lipe mgongo. Mwanga ule mwekundu mnaoukimbilia unaangukia kitu, na kitu hicho kiko nyuma yenu. Dada yetu wa Fizi alijaribu wiki iliyofuata. Amepiga ukuta wa udongo wa jirani yake saa 12 na nusu jioni. Ukuta umekuwa rangi ya chungwa, kila alama ya kidole cha aliyeukandika inaonekana, na mwenye nyumba amesimama mlangoni amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Jua lenyewe halimo kwenye picha, lakini lipo pale kwenye jicho. Mwenye nyumba aliiomba, akaiweka kwenye simu yake. Hiyo ni hukumu ninayoiheshimu kuliko ya ripoti.

Kidogo juu ya rangi

Wengi wameniuliza kama kuongeza rangi ni haramu. Jamani, sijasema hivyo. Simu yenyewe inadanganya kwanza. Imetengenezwa idhani kwamba wekundu mwingi ni kosa, kwa hiyo jioni inaupunguza bila kukuuliza, na picha inatoka ya baridi kuliko ulivyoona. Kurudisha kile ulichokiona ni haki yako. Shida inaanza pale unaporudisha kile ulichokiona kwenye picha ya mtu mwingine.

Mbingu ya Kakuma upepo ukivuma si nyekundu. Ni njano iliyochanganyika na jivu, na jua ndani yake ni kama sarafu iliyochakaa, unaweza kulitazama bila kukunja uso. Ni rangi ngeni na nzuri kwa namna yake, na bado hatuna hata picha moja inayoionyesha, kwa kuwa kila mtu akifika nyumbani anaipaka wekundu. Miaka 20 ijayo mtu akitaka kujua jioni ya hapa ilikuwaje, ataona jioni ya kalenda.

La kufanya kwa simu ni dogo. Gusa kioo pale penye mwanga, shikilia kidole mpaka ijifunge, halafu punguza mwanga kidogo. Ukigusa jua, ardhi itakuwa nyeusi. Ukigusa ardhi, mbingu itakuwa nyeupe. Chagua unachotaka kusema, kisha gusa hapo. Piga jua likiwepo, na usiondoke. Subiri robo saa, piga tena. Picha ya pili ndiyo utakayoipenda baada ya mwaka.

Ombi langu

Naomba kikundi kikubaliane jambo moja. Kila picha ya jioni ije na mistari minne chini yake, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho: ulisimama wapi, ulielekea upande gani, ilikuwa saa ngapi na mwezi gani, nani yumo, na kama amekubali. Ukikosa jibu moja, acha mstari wazi, usiujaze kwa kubuni. Picha za kutumiwa na jamaa nazo vilevile: muulize aliyekutumia. Kama hajui, basi iandikwe "bahari, sijui wapi". Bahari isiyo na jina ina heshima yake kuliko bahari iliyopewa jina la Ngumi kwa nguvu.

Ndugu wa mashirika, mistari hiyo minne inawafaa na ninyi. Ule wa nne zaidi.

Kwa vijana wetu wa Kibajuni nina kazi moja ya nyongeza, na haihitaji bando. Ngumi iko mashariki ya hapa kwa nyuzi 7 na kidogo za longitudo, na kila nyuzi 1 ni dakika 4. Kwa hiyo jua linatua kule kama nusu saa kabla ya huku. Ijumaa hii tukikaa kwenye mkeka na jua bado liko juu ya mathenge, jueni kwamba kule magharibi imeshaadhiniwa na saa moja inakaribia. Muulizeni mzee yeyote wa kwenu, wakati huo huo, watu wanafanya nini ufuoni, wameelekea wapi, nani anawasha taa. Andikeni anachosema, mleteni na picha yake ya uso akikubali. Jua likiwa usoni kwake, tafadhali, si nyuma.

Tunakutana baada ya alasiri, pale pale. Simu ziwe na chaji.